Kazi ni Sifuri

Tableti zilifika tatu, kwa wanafunzi hamsini na wawili.
Moja kioo chake kimepasuka kama barabara ya Ndosho,
nyingine haiwaki mpaka uibembeleze kwa kidole gumba.
Ya tatu nikaiweka kwenye dawati la mbele, tukaizunguka
kama watu wanaoota moto.

Ndani yake mlikuwa na mlima.
Mlima laini, wa bluu, usio na jiwe,
na kisanduku kinateremka bila kumwuliza mtu njia.
Pembeni pameandikwa: msuguano, sifuri.
Kanyere akacheka mpaka akashika mbavu.
"Mwalimu, mlima huu uko wapi?
Huku Goma hata sabuni ikidondoka, makoro yanaikamata."

Basi Ijumaa nikafunga kitabu,
tukapanda Munigi na simu yangu,
betri asilimia thelathini na moja.
Baba yake Bauma alikuwa anashuka kutoka Kibumba
na magunia ya viazi juu ya chukudu,
goti moja kwenye kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari,
mguu wa pili ukikanyaga mpira wa breki,
na mpira ule ukilia.

"Msikieni msuguano," nikasema,
na wote wakanyamaza kumsikia.

Tukamrekodi. Tukairudisha video picha kwa picha,
mawe ya kando ya barabara yakawa rula yetu.
Mlima wa bluu tukaunyang'anya sifuri yake,
tukaupa namba za Munigi,
na kisanduku, kwa mara ya kwanza, kikasita.

Bauma alikuwa nyuma kabisa ya kundi.
Kwenye fomu ya shule, penye kazi ya mzazi,
alikuwa ameandika: biashara.
Nikamwita. Nikampa chaki.
Kila jiwe la volkano ni ubao, anayetaka aandike.
Chukudu tupu, kilo sitini.
Mwinuko wa kurudi, tuseme mita mia tatu.
Mara tisa nukta nane.
Akaandika polepole, jouli
laki moja na sabini na sita elfu na mia nne,
kisha akasimama mbele ya jiwe
kana kwamba limemtaja kwa jina.

Baba mtu akauliza:
"Na mvua ikinikuta katikati ya mpando,
nikasimama nimeishika isinirudie,
nusu saa, matope mpaka kifundoni,
hapo mnaandika ngapi?"

Kwa Kifaransa neno lile hupita darasani kama mgeni mwenye viatu.
Kwa Kiswahili likaingia peku, likaketi, likaomba maji.
Kazi.
"Sifuri," nikajibu. "Isiposogea, hakuna kazi."

Aliangalia viganja vyake. Hakukasirika.
"Sifuri?"
Akaweka koro moja mbele ya gurudumu, nisije nikafa,
akaachia breki.
"Njoo ushike."

Nikashika.
Dakika ya kwanza nilieleza bado:
nguvu ipo, umbali haupo.
Dakika ya pili kitenge kikaanza kulegea kiunoni
na sina mkono wa kukifunga.
Nikasema, kwa meno, kwamba ndani ya msuli
nyuzi zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia,
zinauteketeza ugali wa asubuhi kuwa joto tupu,
kwamba kitabu hakikudanganya,
kimehesabu gunia tu,
hakikumhesabu mtu.
Masika alikuwa anarekodi. Simu ikazimika hapo hapo.
Jibu langu zuri kuliko yote halipo popote.

Jumatatu Bauma aliomba fomu yake.
Amefuta biashara. Ameandika:
chukudu.
Kupandisha: jouli 176,400, bila mzigo.
Kushikilia: muulizeni mwalimu,
mikono bado inamuuma.